Pingamizi la Mwalimu Si

Baba yangu alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na tatu, na katika miaka yote hiyo sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mwalimu Si. Mbele yake ilikuwa "mwalimu" kwa adabu zote, lakini akishageuka tu, jina ni hilo. Nasi wa nyumbani hatukusalimika. Mimi nilikuwa "mtoto wa Si", na mama, fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake, alikuwa Mama Si. Siku moja mteja mgeni alipiga hodi akauliza kama hapa ndipo kwa Mama Si. Mama hakuinua hata macho. "Si hapa," akamjibu, akaendelea kukanyaga cherehani.

Jina lilitokana na imla. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili kamili asubuhi, baba alisimama mbele ya darasa, visigino pamoja, viatu vikimeremeta, akasoma sentensi moja mara mbili. Mara ya tatu haikuwepo. Kalamu zote zilikuwa zimelala mezani, na ole wake aliyeigusa yake. Kisha alinyoosha kidole kwa yeyote na kusema, "Rudia." Huyo alisimama akairudia sentensi nzima kama alivyoisikia, na hapo ndipo darasa liliporuhusiwa kuandika. Ukikosea herufi ulipoteza alama moja. Ukisahau nukta, nusu alama. Lakini ukiruka "si", ukaandika "mcheze" mahali pa "msicheze", ulipata yai, sifuri nzima, hata kama mengine yote uliyaandika kwa mwandiko wa kupendeza namna gani.

Wazazi walilalamika sana. Kuna mmoja, fundi mwashi, alikuja shuleni na vumbi la saruji mpaka kwenye nyusi, daftari la mwanawe mkononi. Nilikuwepo, maana nilisoma katika darasa lilelile, na sikupata upendeleo wowote. Ningekuwa na la kusema kuhusu hilo, ila leo nimekuja kumsifu mzee wangu.

"Mwalimu," mwashi alisema, "mtoto amekosa kipande kidogo hivi cha neno. Ndiyo umpe yai?"

"Karibu ukae, fundi," baba akamwambia. "Mimi nikikuachia kikaratasi kwamba usibomoe ukuta, wewe ukasoma ubomoe ukuta, jioni nikirudi utaniambia umekosa kipande kidogo cha neno?"

Mwashi alifikiri. "Nitakuambia nimekosa kazi," akasema, na wakacheka wote wawili. Yai lilibaki palepale.

Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Ukitumwa dukani ulisimama mlangoni ukarudia ulichotumwa. "Usinunue mkate wa jana. Rudia." "Nisinunue mkate wa jana, baba." "Nenda." Kaka yangu, kifungua mimba wetu, alikuwa akirudia mpaka kwenye ndoto zake. Mimi niliona ni mateso ya bure. Baadaye nikawa muuguzi, na mwaka wangu wa kwanza wodini daktari alipiga simu kuhusu mgonjwa aliyesubiri upasuaji, laini ikikwaruza, nikasikia "apewe maji". Mdomo wangu ukafunguka wenyewe: "Nirudie, daktari. Apewe maji, au asipewe?" Alikasirika kidogo, kisha akasema, "Asipewe. Asipewe kabisa. Ahsante, sista." Jioni ile nilimsimulia baba nikidhani atafurahi. Aliinuka mezani akaenda kunawa uso, na aliporudi aliniuliza kama mgonjwa amepona.

Ni mama peke yake aliyeweza kumtania kuhusu hiyo silabi. Baba alipomchumbia alimwandikia barua ya kurasa mbili, mstari kwa mstari, na mwishoni akaweka: "Nakuomba usikubali haraka." Mama akajibu siku hiyohiyo kwamba amekubali. Baba alipomuuliza mbona hakufuata alichoandikiwa, alimwambia, "Mimi nilisoma ukubali haraka. Nipe yai basi." Hadithi hiyo tumeisikia kila mwaka, na kila mwaka baba hugeuza uso ili tusimwone anavyocheka.

Nisije nikamfanya aonekane mtu wa amri tupu. Mama alipolazwa wiki tatu kwa homa ya mapafu, baba ndiye aliyetusuka nywele mimi na mdogo wangu. Mistari ilinyooka kama gwaride, ila mikia yenyewe ilisimama kila upande, na shuleni tukachekwa. Alipiga pasi sare zetu wanne kila Jumapili jioni, akitufundisha mkunjo wa jeshini, ule unaoweza kukata kidole. Mtoto wa jirani akiugua, baba alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikuwa hachoki kwa watu, na nimekutana na wengi wanaochoka mapema sana.

Na alikuwa mtu wa sala. Kila alfajiri alikunja blanketi mara nne, akapiga magoti, akafungua daftari la mahudhurio juu ya kitanda na kuliomba jina kwa jina. Huyu Mungu amsaidie mama yake apate kazi. Huyu jana alisinzia, Mungu aangalie kwao kuna nini. Watoto arobaini na kitu, kwa mpangilio wa daftari. Sisi wake wa kuzaa tulikuja baada ya darasa zima. Niliwahi kumlalamikia hilo, nikamwambia damu haiombewi mkiani. Akaniambia, "Nyinyi mna baba anayewaombea kila siku. Wengine wana mwaka mmoja tu kwangu."

Baada yetu sisi lilifuata jina moja zaidi, la mwanamume tusiyemjua. Halikuwa la ukoo. Mama alisema alilikuta kwenye sala hizo tangu siku ya kwanza ya ndoa, aliuliza mara moja akajibiwa, "Ni mwenzangu wa jeshini," na sauti yenyewe ikamkataza kuuliza tena.

Jeshini alikuwa askari wa redio. Aliingia akiwa na miaka kumi na tisa, akapigana vita, akatoka na miaka ishirini na mitano, akaenda moja kwa moja chuo cha ualimu. Hayo ndiyo tuliyoyajua. Wazee wengine wa mtaani waliopigana walikuwa na hadithi zilizonenepa kila mwaka. Baba alikuwa na viatu vyake vya kung'arisha na kimya chake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kanisani kwetu huchaguliwa wazee wa kanisa, na mara tatu waumini walimtaka baba, na mara tatu alikataa. Hakutoa sababu. Alisema "hapana, ahsanteni" na kukaa chini. Mara ya tatu mama alilia njia nzima ya kurudi nyumbani, maana watu walishaanza kunong'ona kwamba mtu hakatai heshima bure, lazima kuna kitu. Nilimkasirikia baba. Nilisema moyoni kwamba ni kiburi, kile kiburi cha wanyenyekevu ambacho ndicho kibaya kuliko vyote.

Mwaka alipotimiza sitini na tisa kiti kimoja kilikuwa wazi. Sheria ya kanisa inasema ukishafika sabini huchaguliwi tena, kwa hiyo ilikuwa sasa au basi. Safari hii mchungaji hakumuuliza yeye. Mchungaji wetu ni mwanafunzi wake wa zamani, alikula mayai manne darasa la tatu na anayakumbuka yote kwa tarehe. Alikuja kwa mama, na mama akatoa jina.

Utaratibu ni huu. Jina husomwa Jumapili tatu mfululizo, kwetu na katika makanisa ya jirani, na mwenye pingamizi hupewa nafasi ya kulisema. Pingamizi likikubaliwa, jina hufutwa. Hakuna anayekutangazia ubaya, lakini hakuna anayesahau pia. Jina la baba liliposomwa mara ya kwanza, "mwalimu mstaafu, aliyekuwa askari wa mawasiliano," niliona vidole vyake vimelishika benchi la mbele mpaka vikabadilika rangi.

Tulipofika nyumbani aliuliza kwa upole, "Nani ametoa jina langu?"

"Mimi," mama akasema.

"Kaliondoe, mke wangu."

"Nipe sababu, nitaliondoa kesho asubuhi. Nimekaa na wewe miaka arobaini na moja. Kama umeiba niambie, kama umeua niambie. Nitakaa hapahapa. Ila nimechoka kuolewa na mlango uliofungwa."

Baba alichukua kopo la rangi ya viatu akatoka nje. Sijawahi kuona viatu vikisuguliwa namna ile. Karibu wiki mbili zilipita hivyo, Jumapili ya pili nayo ikapita, na nyumba nzima tulikuwa tunangoja Jumapili ya tatu, tusijue kama atasimikwa au ataaibika, na kama ataaibika, kwa lipi.

Jumamosi ya kuamkia siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa namsaidia mama kushona vifungo vya sare, na mlango ukabishwa. Alikuwa mzee mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote, mguu mmoja mgumu na fimbo mkononi. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa mwalimu aliyekuwa askari wa redio? Nimesikia jina lake likisomwa kanisani kwetu."

Niliona sindano ya mama ikisimama. Najua alichofikiri kwa sababu nami nilifikiri hichohicho: pingamizi limefika, tena limekuja kwa miguu.

"Ndipo," mama akasema. "Karibu. Umemjia kwa heri?"

Kabla hajajibu, baba alitokea uani, kiatu mkono mmoja na kitambaa mkono mwingine. Walitazamana. Mgeni akasema polepole, "Kituo cha Pili, unanisikia?"

Baba alinyooka. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa sekunde ile nilimwona ana ishirini na mitatu. "Nakusikia, Kituo cha Kwanza," akasema. Kiatu kikamtoka mkononi.

Nilitaka kuondoka na mama naye akaanza kukusanya vitambaa vyake, lakini baba alituzuia. "Kaeni. Msiondoke."

"Tusiondoke," mama akarudia kwa mazoea, akakaa.

Yule mzee alikuwa koplo wa redio katika kikosi kimoja na baba. Walionana uso kwa uso mara mbili tu. Mengine yote yalikuwa sauti. Alianza kusimulia akimtazama mama, kama mtu aliyekuja kushitaki, ila aliyekuwa anamshitaki ni yeye mwenyewe.

"Ilikuwa alasiri, mvua inanyesha, mama. Mumeo na wenzake walikuwa ukingoni mwa mto. Kamanda alikuwa kwetu, nyuma. Ameona mvua ya kule milimani, akajua mto utajaa. Akaandika amri kwenye karatasi, akanipa niisome redioni. Msivuke mpaka asubuhi. Maneno matatu. Nami nikasoma, mvuke. Mvuke mpaka asubuhi."

"Nani kakuambia ulisoma hivyo?" baba akauliza.

"Kwani sijijui? Mimi shule niliishia darasa la pili. Jeshini nilificha. Nilikuwa nasoma kwa kubahatisha, nikiona neno refu nalikata. Nimejifunza kusoma vizuri nina miaka hamsini, tena kwa aibu, na mwanangu ndiye mwalimu. Nilipojua kusoma ndipo nilipoanza kuogopa, maana niliona ni maneno mangapi nilikuwa nayakata."

"Hukukata," baba akasema. "Ulisoma msivuke. Mimi ndiye niliyesikia mvuke. Mvua ilikuwa inapiga juu ya turubai, redio inakwaruza. Luteni akaniuliza, una hakika? Sentensi yenyewe haikunyooka, mvuke mpaka asubuhi, mtu anavukaje mto mpaka asubuhi? Mtoto wa darasa la tatu angeuliza. Nikamwambia ndiyo, afande, nina hakika. Kwa sababu nilikuwa kijana na nilikuwa nasifiwa kwa masikio yangu, sikutaka kuonekana nauliza mara mbili."

Akageuka kwetu, na ndipo aliposema lile jina, jina la mwisho la sala zake. Yule mwenzake ndiye aliyekuwa akibeba betri ya redio. Betri nzito ya kubebwa mgongoni kwa mikanda. Wakaingia mtoni, maji yakaja ghafla, wengine wakashika kamba, yeye betri ikamvuta chini. Alikuwa na miaka ishirini na moja, na alikuwa akimwachia baba nusu ya sabuni yake kila wiki kwa sababu baba alipenda usafi.

"Mpaka leo sijui kama alijaribu kuifungua ile mikanda," baba alisema. "Nafikiri hakujaribu. Nilikuwa nimemwambia asiiachie betri kwa lolote. Hilo alilisikia vizuri."

Nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: yale mayai, lile "rudia", mkate wa jana, uso alioenda kuunawa siku ile ya daktari. Nililia, sioni aibu kusema. Mama hakulia. Alikuwa anamtazama mumewe kama mtu anayesoma barua iliyochelewa.

Jeshi lilichunguza likaandika kwamba mawasiliano yaliharibiwa na mvua. Hakuna aliyeadhibiwa. Labda wangeadhibiwa, wangekuwa wamepona. Badala yake kila mmoja alichukua kosa zima akaenda nalo kwake, miaka arobaini na sita, bila kujua kwamba mwenzake analo hilohilo.

"Nilisikia jina lako," koplo alisema, "nikasema kama yule amebeba mzigo wangu, nimtue kabla hajasimikwa. Ni mimi niliyesoma vibaya."

"Na ni mimi nisiyeuliza."

"Ungeuliza ningekurudishia kosa lilelile."

"Labda. Au labda ungeitazama karatasi mara ya pili."

"Mwalimu, mimi ni mkubwa wako kwa cheo."

"Ulikuwa. Sasa uko sebuleni kwangu."

Waliendelea hivyo, kila mmoja akilivuta kosa kwake, sauti zikipanda, mpaka mama akaingia kati na trei ya chai. "Mnagombania nini hasa?"

"Kosa," baba akasema.

"Basi gawaneni. Mmetoshana." Akaweka vikombe. Halafu akamgeukia baba na sauti yake ikashuka. "Na mimi nichukue kipande, maana nimelala kando ya siri hii miaka yote nikidhani ni mwanamke mwingine." Koplo alipaliwa na chai. Baba alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kikageuka kilio, naye hakujificha.

Nilidhani mambo yameisha. Alishatuambia, mwenzake amekuja, mzigo umegawanywa. Kesho atasimikwa, mama atafurahi. Nilikuwa simjui bado.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilihesabu mabenchi nikakuta karibu kila benchi lina mtu aliyekaa mbele ya baba akiwa na miaka minane, pamoja na yule fundi mwashi, sasa mzee wa kutafunia upande mmoja. Mchungaji alisoma jina kwa mara ya tatu akasema maneno ya kawaida: mwenye pingamizi la haki asimame sasa.

Baba akasimama.

"Keti, mume wangu," mama akanong'ona, akimshika koti. Hakuketi.

Mchungaji alichanganyikiwa. "Mwalimu, hii ni nafasi ya wenye pingamizi."

"Ndiyo. Ninalo."

"Juu ya nani?"

"Juu ya huyo uliyemsoma."

Watu walianza kucheka, wakadhani ni mzaha wa mzee, kisha wakamwona uso na kicheko kikafa. Alizungumza dakika tatu, hazizidi. Alieleza mto, amri, swali la luteni na jibu lake. Hakutaja mvua. Hakutaja koplo. Alilitaja jina la yule kijana, la kwake na la baba yake, akasema ana haki ya kujulikana na watu wanaotaka kumpa heshima aliyemwambia avuke. "Wengi wenu niliwapa sifuri kwa kosa hilihili," alimalizia. "Haitakuwa haki mkinipa mimi kiti." Akaketi, mikono magotini, kama mwanafunzi anayengoja daftari lake.

Nimesema nilimkasirikia kwa kiburi. Pale benchini nilimwomba Mungu anisamehe. Nilijivunia kuwa mtoto wa Si, na mama kando yangu alikuwa ameinua kidevu kuliko mke wa mzee wa kanisa yeyote niliyewahi kumwona.

Kisha fimbo ikasikika nyuma. Koplo alikuwa amekuja, amekaa benchi la mwisho. "Mchungaji, mimi si wa kanisa hili," alisema, "lakini shahidi hana kwao. Ameacha nusu. Aliyesoma amri hiyo redioni ni mimi, na sikujua kusoma." Akabaki amesimama mpaka mwashi akamshika mkono akamketisha.

Wazee wa kanisa waliingia chumba cha nyuma. Walikaa muda mrefu. Watoto wakaanza kutambaa chini ya mabenchi na hakuna aliyewakemea. Walipotoka, mchungaji hakuwa na karatasi.

"Pingamizi limesikilizwa," alisema. "Wazee hawakusema kwamba kosa ni dogo. Mimi ni wa mwisho kuthubutu kumwambia mwalimu kwamba hiyo silabi ni ndogo. Waliulizana jambo moja tu: kama asingesimama leo, nani angejua? Hakuna hata mmoja wetu. Basi mtu huyo ndiye tunayemtaka. Mwalimu, pingamizi lako limekataliwa. Njoo mbele."

Baba hakuinuka mara moja. Mama akamsukuma kidogo kwa kiwiko, na hapo akaenda, mwendo wake uleule, mikono kando, mpaka mbele. Lakini badala ya kupiga magoti aligeuka nyuma. "Koplo, njoo."

"Mimi sijachaguliwa," koplo akajibu kutoka mwisho wa kanisa.

"Sikuiti kuchaguliwa. Nakuita tupige magoti."

Kanisa zima lilimsubiri yule mzee atembee na mguu wake mgumu. Ilichukua muda. Alipofika, baba alimshika kiwiko wakashuka pamoja, goti moja, kisha la pili, na mchungaji akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha huyu na mwingine juu ya kichwa cha yule. Sala yenyewe siikumbuki. Nakumbuka migongo yao miwili, mmoja wa suti na mmoja wa koti kuukuu, imenyooka sawasawa.

Tulisema amina. Mchungaji akaondoa mikono, akarudi nyuma, akangoja. Hakuna aliyeinuka. Nilidhani bado wanaomba, mpaka nilipomwona baba akijaribu goti moja, likakataa, akajaribu jingine. Koplo alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili na haendi popote. Baba akamgeukia akamwambia, nasi wa mbele tukasikia, "Magoti yamegoma, afande."

"Na yangu," koplo akasema. "Waambie walete watu."

Nilitoka benchini nikaenda mbele. Nikapiga goti katikati yao, nikapitisha mkono huu kwapani mwa baba na huu kwapani mwa koplo, kama tunavyofundishwa wodini, nikawaambia wahesabu pamoja nami. Tulihesabu hadi tatu na nikawainua wote wawili. Walikuwa wazito. Koplo alisimama ameegemea bega langu, na baba akanishika mkono hakuuachia, akasema kwa sauti ya kawaida, kwa watu wote, "Huyu ni binti yangu."